Kola ya Kijani

Kabiria,
22 Januari 2006

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba ng'ombe anapata cha kutafuna na kiangazi hiki. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu.

Najua bado umekasirika. Mimi pia bado nimekasirika, kwa hiyo tuko sawa. Yale uliyosema Krismasi mbele ya wanakwaya wote, kwamba umesomesha binti hadi chuo kikuu ili awe bingwa wa porojo, yalinichoma. Niliondoka bila kuaga kwa sababu ningebaki ningekujibu, na siku ile singekujibu vizuri. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua huandikwa hata kwa mtu mliyenuniana, na simu huitaki, basi naandika. Wanjugu jirani yetu anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali niliyopo, na amekubali kuwa posta yetu.

Nimeanza mafunzo. Sisi ndio wanasaikolojia wa kwanza kuletwa katika hospitali hii kujifunza kazi wodini, katikati ya wagonjwa wa mwili, na madaktari hawajui watuweke wapi. Tumepewa kona kando ya stoo ya blanketi. Tumeshonewa makoti meupe kama ya madaktari, ila kola ni ya kijani, ili mtu asije akatuomba sindano. Mkufunzi wetu ni Bi. Nzuki, mama mfupi asiyeinua sauti. Siku ya kwanza alituambia, "Hapa hamtafundishwa kuongea. Mtafundishwa kunyamaza mtu akilia, bila kutazama saa."

Jumatano daktari mmoja alinisimamisha kwenye ngazi. "Wewe wa kola, kuna mama wa kisukari pale dirishani, mguu inakatwa kesho. Enda umwambie." Nikamweleza kwamba kazi yangu ni kumsaidia akishaambiwa na daktari wake. Akatazama saa. "Si kuongea ndio mlisomea?" Nikaenda. Nilikaa na yule mama hadi chakula chake kikapoa. Alinishika mkono wa koti akaukunjakunja, halafu akaniuliza kama mguu wake utazikwa au utatupwa. Hilo halimo katika vitabu vyangu, Baba. Nilimwambia nitaulizia.

Hiyo ndiyo porojo yangu. Nisalimie Mama.

Bintiyo,
Kasiva

—

Mutuini,
29 Januari 2006

Kwa binti yangu Kasiva,

Pokea salamu zangu, na za mama yako juu yake. Sisi tunaendelea. Ng'ombe anakula majani makavu ya migomba na kunitazama kana kwamba ni mimi niliyeizuia mvua.

Wanjugu alinipa barua yako kwenye lango la kanisa, kwa sauti, ili Mutuini nzima ijue kwamba binti wa Mwalimu Mutie anaandika. Nilipofika pale pa mguu niliikunja, nikaenda kumwekea ng'ombe maji, kisha nikarudi nikaisoma upya. Sasa ulizikwa au ulitupwa? Hukumaliza. Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa darasani, usianze habari usiyoweza kuifikisha nyumbani.

Kuhusu Krismasi, nilisema nilichosema. Sifuti, ila nakiweka pembeni. Nilitaka daktari wa sindano, na sababu unaijua. Mtu wa Ukambani aliyehamia kwenye shamba la mkewe huku kwa Wakikuyu anahitaji kitu cha kuonyesha watu wake. Baba yako mdogo Kaloki alinitukana kwenye mazishi ya mama yetu, mbele ya ukoo wote wa Kangundo, akasema mimi sikuoa, niliolewa. Tangu siku hiyo sijamsemesha. Nilitaka siku moja asikie huko aliko kwamba binti wa Mutie ni daktari, akose usingizi. Hilo ndilo kosa lako kwangu, mengine huna.

Sauti imenikauka tangu zile nyimbo za Krismasi. Kwaya inaimba bila besi na hakuna aliyegundua tofauti, jambo ambalo limeniuma zaidi ya koo lenyewe. Mama yako ananinywesha tangawizi na asali, akidai ni adhabu ya ulimi wangu. Kama una ushauri wa kisaikolojia wa koo, niandikie.

Ni mimi baba yako,
Mutie

—

Kabiria,
19 Februari 2006

Mpendwa Baba,

Habari za huko? Natumaini sauti imerudi na kwaya imejuta. Mimi sijambo.

Mguu ulizikwa. Hospitali ina mahali pake, na mwana wa yule mama aliruhusiwa kwenda kutazama. Samahani kwa kukuacha njiani.

Sasa nikueleze jambo usilomwambia Mama. Wagonjwa wanatuogopa. Mwanzoni sikuelewa. Napita wodini asubuhi, na mtu aliyekuwa akinywa uji wake anaweka kikombe chini na kujifunika blanketi hadi kichwani. Wengine wanageukia ukutani. Nikamuuliza nesi mmoja, akacheka. "Si wanajua. Hiyo kola yenu ikisimama kwa kitanda ya mtu, huyo ameenda." Na si uongo. Madaktari hawatuiti ila kwa mguu unaokatwa, kwa mtoto aliyefia tumboni, kwa kansa isiyotibika. Habari njema wanazipeleka wenyewe. Basi watu wamejifunza kutusoma kabla hatujafungua mdomo.

Juzi niliinama kuokota kandambili iliyokuwa njiani, nikaisogeza chini ya kitanda cha mzee Mwololo, fundi wa viatu wa Kawangware. Mzee huyo alikuwa aruhusiwe kwenda nyumbani kesho yake. Niliporudi nikakuta amemwita mkewe, anampa maagizo cherehani ya viatu irithiwe na nani, na mkewe analia. Nikamwambia, "Mzee, wewe umepona, unaenda nyumbani." Aliitazama kola yangu, asiniamini. Hata alipotoka siku ya pili alitembea polepole akigeuka nyuma.

Bi. Nzuki alikasirika, lakini si kwangu. Aliwaambia madaktari, "Wanafunzi wangu si tarumbeta ya msiba." Sisi akatuagiza tuketi pia na wanaopona, tucheke nao, ili kola isiwe na maana moja tu. Nafasi hatupati, kwa maana tunaoitiwa wanatosha kujaza siku nzima. Ameandikia ofisi kuomba kola ziondolewe, na ofisi haijamjibu.

Ushauri wangu kuhusu koo ni mfupi: nenda ukaonwe. Nyimbo hazikaushi sauti hadi Februari. Wewe ndiwe uliyezoea kutuimbia darasani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Bintiyo,
Kasiva

—

Mutuini,
12 Machi 2006

Binti yangu Kasiva,

Hujambo? Sisi ni wazima, na nikisema wazima nina maana ya mama yako na ng'ombe.

Nilikwenda kwa yule daktari wa Dagoretti Corner mwenye vidonge vya kumumunya. Nilimumunya hadi ulimi ukabadilika rangi. Niliporudi mara ya pili akanituma kwa bingwa wa mjini, huyo akanitia kioo kooni, akanyofoa kinyama kidogo akapime, na majibu yametoka. Wanasema kuna uvimbe na lazima nipasuliwe. Nitalazwa Jumatano katika hospitali hiyo hiyo yako, ghorofa ya juu yenu. Nikauliza ni uvimbe wa aina gani. Daktari akamtazama mama yako, na mama yako akatazama mkoba wake.

Sikiza vizuri basi, maana nimefikiri sana tangu ile barua yako ya kandambili. Wewe huwezi kudanganya kwa mdomo. Tangu utotoni ukijaribu unameza mate. Na najua watu wa nyumba hii watakubana usiseme, ndiyo desturi yetu, mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Kwa hiyo sikuombi useme. Ukija kunitazama njoo na nguo zako za nyumbani, lile sweta la bluu, nami nitajua ni mtoto amekuja kumwona babake na ugonjwa ni wa kupona. Siku ukija na kola ya kijani, usiseme lolote. Simama tu miguuni pa kitanda. Nitajua, na nitamwita Kaloki.

Lazima nimwite. Nikifa ghafla, watu wa mama yako watasema nizikwe Mutuini kwa sababu ndiko nilikojenga. Watu wa Kangundo watasema nizikwe kando ya mama yetu, kwa sababu mwanamume hazikwi ukweni. Watavutana hadi mahakamani, nami niko mochari nawasubiri. Mahali nimekwisha pachagua. Lakini neno la kaburi, kwa jinsi nilivyolelewa, halitumwi kwa karatasi, wala kwa mke, wala kwa mtoto. Mtu humketisha ndugu yake akamwambia. Tena si neno la kusema ungali unatembea, ni kujiitia. Na bila sababu kubwa sitakuwa mimi wa kwanza kumtafuta Kaloki, maana aliyetukana ni yeye. Siku ya kola nitamsamehe. Siku nyingine zote anisubiri.

Tumeelewana? Nijibu.

Baba yako,
Mutie

—

Kabiria,
14 Machi 2006

Mpendwa Baba,

Salamu. Tumeelewana. Nimekubali.

Sweta la bluu nimelifua.

Bintiyo,
Kasiva

—

Wodini,
2 Aprili 2006

Kasiva,

Hujambo tangu jana jioni? Mimi niko, kama ulivyoniona. Sauti ndiyo imekwenda moja kwa moja. Wamenitoboa shingo, napumulia mpira, na usiku nikikoroma inasikika kama baiskeli inayovuja upepo. Hili daftari la kitandani ninaloandikia ninachotaka kusema linasomwa na kila mtu, hata wageni wa jirani wanachungulia, na mama yako haondoki hapa mpaka nesi amfukuze. Kwa hiyo ya siri nitampa Wanjugu akija kuchukua mashuka, nawe ufanye vivyo hivyo.

Sikuulizi kitu. Nakuandikia kukushukuru kwa sweta la bluu. Kila jioni mlango ukifunguliwa natazama shingo yako kwanza, kabla ya uso. Jana ulichelewa, nikawa natazama mlango tu. Ulipoingia na bluu nikamwomba nesi uji wa pili.

Daktari hunisimamia akasema, "Tunaendelea vizuri, Mwalimu," huku akitazama kitanda kinachofuata. Simsikilizi. Mimi nina kipimo changu.

Jirani yangu ni Zedekiah, mwashi wa huko huko Kabiria kwako. Tunacheza drafti kwa vifuniko vya chupa za dawa, na ananishinda kwa sababu mimi siwezi kubishana.

Baba yako,
Mutie

—

Kabiria,
3 Aprili 2006
(Haikutumwa)

Mpendwa Baba,

Natumaini umelala vizuri. Barua yako nimeisomea ndani ya stoo ya blanketi, mlango nimeufunga.

Baba, ni saratani. Imekwisha fika mapafuni. Daktari alituambia mimi na Mama juzi kwenye korido, kwamba hawana zaidi ya kukupunguzia maumivu. Nikamwambia Mama tukuambie. Alipiga magoti pale pale, watu wakipita na machela, akanishika vidole. "Ukimwambia, ni wewe utakuwa umemuua, si ugonjwa." Nikamweleza habari ya Kaloki. Akasema Kaloki akionekana mlangoni ni sawasawa na kukuambia, na tena kaburi lako liko Mutuini na hakuna cha kujadiliwa na watu wa Kangundo. Akataka niape. Nikaapa, kwa sababu alikuwa sakafuni na nilitaka ainuke.

Kila jioni navua koti namwachia Wanjugu kule chini kwenye mashuka, navaa sweta. Nikipanda ngazi

—

Kabiria,
4 Aprili 2006

Mpendwa Baba,

Natumaini umeamka salama. Mimi sijambo.

Nimefurahi kwamba ulikunywa uji wa pili. Mvua imeanza huku, ng'ombe wa Mama atapata majani. Daktari anasema tuwe na subira. Usikubali Zedekiah akushinde.

Nitakuja jioni.

Bintiyo,
Kasiva

—

Wodini,
17 Aprili 2006

Mpenzi binti yangu,

Heri ya Pasaka. Hujambo? Mimi leo nina nguvu ya kuandika, kwa hiyo vumilia.

Kwaya yetu ilikuja jana kuimba wodini. Besi ilikuwa mbaya mno nikafurahi. Nimekonda, najua, suruali ya kwenda nayo nyumbani itahitaji mshipi mpya. Kifua kinanibana usiku, ni hewa ya wodi hii, madirisha hayafunguki.

Lakini nataka kukuambia nilichogundua. Tangu kabla ya Pasaka sijaona kola ya kijani hata moja humu. Hata kwenye korido, nimemtuma Zedekiah akachungulie. Nimewaandikia wenzangu kwenye daftari: "Watu wanapona." Wodi nzima imechangamka. Mmoja anayelala pale mlangoni alianza kuimba, ikabidi nesi amnyamazishe. Nakwambia, hata chakula kinaliwa kikaisha.

Zedekiah peke yake ndiye amenyamaza. Wiki iliyopita alitembelewa na msichana mpole mwenye sweta jekundu, tukadhani ni mpwa wake. Waliongea sana, akamshika mkono. Tangu hapo hataki drafti. Sijui wamekosana nini, mambo ya jamaa ni mazito.

Nimefikiri kuhusu Kaloki. Kwa vile napona, nitamtumia salamu kwa hiari yangu, si kwa kushurutishwa na kifo. Hiyo ni heshima zaidi. Mahindi yakishavunwa, Agosti hivi, nitamwita Mutuini ale mahindi ya kwa mke wangu, na aone kama ni mabaya. Hana haraka, nami sina.

Sweta lako limeanza kuchakaa viwiko. Nikitoka nitakununulia jingine.

Baba yako,
Mutie

—

Kabiria,
3 Mei 2006

Mpendwa Baba,

Nakusalimu. Sikuulizi hali kwa sababu naijua.

Kola zimekatwa. Ofisi ilimjibu Bi. Nzuki kabla ya Pasaka. Fundi alikuja na mkasi akazitoa zote alasiri moja, na sisi tukapiga makofi. Siku hizi tunafanya kazi na nguo zetu za kawaida na kitambulisho kidogo kifuani. Bi. Nzuki hakukosea, maana wagonjwa wanakunywa uji wao bila kujifunika. Yule msichana wa sweta jekundu si mpwa wa Zedekiah. Anaitwa Ciru, ni mwenzangu wa mafunzo, na siku ile alikuwa kazini.

Umekuwa ukingoja kola ambayo haipo tena, nami nimekuacha uingoje. Siku fundi alipozikata nilishusha pumzi, Baba. Nilijiambia, sasa hata nikitaka sina cha kuvaa.

Leo nilifanya mtihani wa mwisho. Bi. Nzuki na daktari mmoja walikaa pembeni wakinitazama nikimwambia mama mmoja mwenye duka la mboga kwamba mtoto wake hataona tena. Nilimuuliza kwanza anajua nini. Nikamwambia kwa maneno mafupi. Alipolia nilinyamaza, na sikutazama saa. Walinisifu sana. Nikatoka nje nikatapika nyuma ya chumba cha kufulia, na Wanjugu ndiye aliyenipa maji.

Kwa hiyo nakuambia wewe kama nilivyomwambia yule mama. Una saratani ya koo. Imeingia mapafuni, na ile unayoiita hewa ya wodi ndiyo hiyo. Haitapona. Jana daktari alituambia ni jambo la siku, si la miezi. Nimejua tangu mwanzo wa Aprili. Mama aliniapisha, lakini aliyekuwa akivaa sweta na kupanda ngazi ni mimi.

Tumefundishwa kwamba jambo hili husemwa ana kwa ana. Nimeliandika kwa sababu ukiitazama shingo yangu sitaweza.

Nina namba ya simu ya jirani yake Kaloki. Sema tu.

Bintiyo,
Kasiva

—

Wodini,
4 Mei 2006

Kasiva,

Salamu. Mkono hauandiki sawasawa.

Nimekasirika. Nimekasirika sana, na sina hata sauti ya kukasirikia. Nilimwandikia Zedekiah kwamba wodi hii imebarikiwa, akanitazama akageuka. Kumbe mwenzangu anajua na mimi namchezea mzaha. Mama wa mboga ameambiwa lake siku ile ile, na mimi baba yako umeninyima mwezi. Mwezi mzima ningekuwa nimekwisha gombana na Kaloki upya na kupatana naye upya.

Nimepumzika kidogo, narudi. Ulisomea kazi ngumu. Sikujua ni ngumu hivi. Yale ya Krismasi sasa nayafuta.

Mwite Kaloki. Aje leo akiweza. Mwambie sitaki aniombe radhi, akae tu hapa mkono wangu wa kulia, nimwandikie mahali akiwa anaona. Mama yako asiwepo. Simchukii, lakini atanishika mkono.

Na wewe jioni njoo na lile koti. Tafuta kola popote ilipo. Nataka kuiona mara moja, nijue nilikuwa nangoja nini.

Baba yako

—

Kangundo,
8 Mei 2006

Kwa mwanangu Kasiva,

Salamu kutoka kwa baba yako mdogo na jamaa wote wa huku. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikamba hamkufundishwa huko, na leo silaumu. Poleni sana, na mimi pia nipewe pole.

Ulipopiga simu Alhamisi, habari ilinifikia jioni na magari yalikuwa yamekwisha. Nilipanda la kwanza Ijumaa. Nilipofika wodini kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza, "Wewe ndio Kaloki?" Kabla sijajibu akaanza kulia. Sikujua kwamba humo ndani nilikuwa najulikana.

Lile neno la kuolewa nililisema nikiwa nimekunywa. Asubuhi yake nilitaka kumfuata, nikaona haya. Mwaka ulipokwisha ile haya ikawa kiburi. Mwezi wa tatu nilisikia anaumwa, nikasema akiniita nitaenda hata kwa miguu. Nikakaa nangoja kuitwa.

Sasa wajomba zako wamekwisha pima kaburi Mutuini, nyuma ya zizi. Wazee wetu wamekataa, na wamepata wakili wa kuuzuia mwili mochari. Ijumaa tunakutana pande zote mbili. Ndugu yake aliyebaki upande wetu ni mimi, na nikisema watanisikiza. Wewe ndiwe uliyekuwa naye usiku wa mwisho, na ndiwe uliyesomea kukaa na watu wakati huo. Aliniita anionyeshe mahali. Alisema wapi? Utakalosema nitalichukua kuwa lake, hata likiwa Mutuini, na nitawanyamazisha watu wangu mimi mwenyewe.

Nijibu upesi.

Baba yako mdogo,
Kaloki

—

Mutuini,
9 Mei 2006

Mpendwa Baba mdogo,

Salamu kwako na kwa wote walio nawe. Sisi tupo. Mama hali chakula, ameketi tu karibu na dirisha, na ng'ombe anakamuliwa na Wanjugu.

Jioni ile nilipanda na koti. Kola niliipata katika matambara ya chumba cha kufulia, nikaibana kwa pini. Nilisimama miguuni pa kitanda kama alivyokuwa ameniagiza tangu Machi. Aliitazama, akaniita kwa kidole, akaishika akaigeuza aone upande wa ndani. Kisha akacheka. Mabega ndiyo yaliyocheka, sauti haikuwepo. Nilimwomba aniandikie mimi lile neno, endapo ungechelewa. Akatikisa kichwa. Alichukua daftari akaandika jina lako, akaweka nukta mbili mbele yake kama mwalimu anayeanza zoezi, akanionyesha kwa kalamu kwamba pale palipobaki ni pako. Nilikaa naye hadi akalala. Nesi aliniamsha alfajiri.

Mama amesoma barua yako. Ameniambia niandike Mutuini. Safari hii hakupiga magoti, alisema tu, na wajomba walikuwa wamesimama mlangoni. Ni neno moja. Nikiliandika, wakili atarudi kwake, na Baba atazikwa Ijumaa kando ya majani aliyoyapanda mwenyewe. Pengine ndipo alipopachagua. Pengine alichagua kando ya nyanya, mama yenu, na ndiyo maana alitaka akuambie wewe. Nimekumbuka kila alichowahi kuniambia na kuniandikia, na sikupaona.

Nilifundishwa kumwambia mtu jambo ninalolijua. Hili silijui. Alikuwa na mwezi mzima wa kulisema, nami kila jioni nilimwendea na sweta la bluu.

Nitakuja Ijumaa na daftari lile. Mkiniuliza mbele ya wote, upande wa Mama na upande wako, nitajibu hivi hivi. Sijui, Baba mdogo.

Mwanao,
Kasiva